Lengo la Mwaka Huu

Kaka,

Huku cherehani bado inanilisha. Unakumbuka kila Januari tunapanga lengo moja la kuutafuta ukoo? La mwaka huu limetimia. Nimempata bibi mdogo, aliyemlea mama, yule tuliyedhani amefariki zamani. Nikamleta nyumbani.

Sikukuandikia hili, ila mama hanitambui tena; siku hizi ananiita muuguzi.

Bibi aliketi kitandani, akachukua kitana. Mama akashuka sakafuni mwenyewe, akakaa katikati ya magoti ya bibi, akainamisha kichwa.

"Usinivute sana, mama mdogo," akasema.

Nikabaki mlangoni, nisiingie.

Kwake mimi bado ni muuguzi, lakini wewe mama amekuulizia. Lengo la mwakani ni wewe, ila usisubiri Januari.

Mdogo wako,
Fundi