Kanana na Nusu ya Mchezo

Embu,
Jumapili baada ya kanisa.

Kwako mama mpendwa,

Nakusalimu nikiomba Mungu hii barua ikupate umesimama. Goti linaendeleaje na hii baridi? Na ile ng'ombe ilizaa salama? Sisi tunapumua, tunashukuru. Mke wa kaka akusomee polepole, na mkiwa wawili tu. Ningepiga simu, lakini wewe ukishika simu Muthara nzima inasikia.

Habari ni ya wajina wako, Kanana wangu. Vile ana jina lako mimi humwita mama, na tangu Ijumaa huyu mama mdogo haongei vizuri na mimi.

Shuleni wana kitabu cha hadithi. Ndani kuna msichana wa mguu mbaya, anatembea na gongo kama Kanana. Watu wanasema boma lao lina laana. Lakini yeye ana roho safi, anampa mzee mwenye njaa chakula chake, basi mguu unanyooka, anatupa gongo mtoni na kucheza ngoma. Mwalimu wa darasa akasema hiyo ndiyo wataigiza siku ya wazazi, na Kanana ndiye msichana. Mama, tulifurahi. Mwalimu aliomba marinda mawili ya kufanana, nikayashona kwa kile kitambaa chako cha manjano. Nilidhani la pili ni la akiba.

Halafu akaanza kurudi na njaa. Kumbe chakula chake anampa mlinzi mzee wa geti. Nikamsifu. Sikujua anangoja nini.

Alhamisi, nikimsugua mguu na mafuta, akaniambia:

"Mimi ni wa mwanzo tu. Nikipona naingia nyuma ya pazia, anatokea Wawira."

"Kwa nini Wawira?"

"Si yeye anaweza kucheza ngoma."

Kesho yake, siku yenyewe ya wazazi, nilienda kwa mwalimu kabla wazazi hawajafika. Si mtu mbaya, ndiye humbebea Kanana mfuko mvua ikinyesha. Nikamuuliza kama msichana hawezi kubaki na gongo lake na mchezo uishe tu. Akaniangalia kwa huruma. "Mama Kanana, hadithi ya watoto lazima iishe vizuri." Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda kumvalisha Kanana rinda.

Kanana alisema maneno yake bila kukosea. Watoto walioigiza wanakijiji wakamwita kiwete, na wazazi wakacheka, ati wanajua kutukana. Akaingia nyuma ya pazia. Wawira akatoka na lile rinda la pili, akaruka, watu wakasimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia pazia. Halikutingika.

Nilimpata huko vyooni, ameshikilia ukuta, bila gongo. Alikuwa amelitupa ndani ya shimo la choo. Hapo hakuna mto. Alikuwa ameweka mguu mbele, anauangalia.

"Bado," akaniambia. "Ngoja kidogo."

Tukangoja, mama. Tulisimama hapo mpaka makofi yakaisha na watu wakaanza kula. Ndipo akaniuliza ni ubaya gani alifanya, na chakula alikuwa anatoa chote. Nikambeba mgongoni mpaka nyumbani. Ni mzito siku hizi. Ule mguu ulikuwa unanigonga paja njia nzima.

Sasa hataki shule. Nilimwambia kuna vitabu vingine, akasema ashaangalia sanduku lote la vitabu pale darasani. Mwenye nundu ni mchawi, kipofu anaombaomba, wa gongo anapona.

Mwambie baba amchongee lingine, la mti mgumu. Kamba ya kipimo iko ndani ya bahasha. Shule zikifunga nitamleta, na jioni mkichambua maharagwe atakuomba hadithi, najua. Zako pia, mama, wa mguu mbaya tunajua huishia wapi. Mtungie mpya. Msichana awe na gongo mwanzo mpaka mwisho. Atumwe sokoni, agombane na mwenye duka, anunue chumvi, arudi nayo. Akikuuliza halafu nini, mwambie wakapika.

Nisalimie baba, kaka na huyo msomaji wetu, na shangazi wa kwaya.

Ni mimi binti yako,
Makena.

Kanana amekataa kuandika salamu. Lakini lile fundo kwa kamba, pale gongo litafika chini ya kwapa, amelifunga mwenyewe.