Siku Niliyowaficha Wakaaji wa Kajiado ya Zamani

Kitengela, Alhamisi, Julai 2008

Upepo wa Kajiado leo umenijaza vumbi hadi kwenye meno. Nimeingia nyumbani, mke wangu akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa kwenye machimbo. Sikuwa na nguvu ya kutaniwa.

Ukweli ni kwamba nimeaibika.

Miji yetu mitatu, Kajiado, Ngong na Namanga, imekubaliana kutembeleana ili tusaidiane kutunza mitaa yetu ya zamani huku watu wakiendelea kuishi humo. Sheria ni moja tu: wageni wanatembea na kuwauliza wakaaji, mwenyeji ananyamaza. Kwa mtu kama mimi, anayeongea hata akipiga mswaki, hiyo ni adhabu.

Leo ilikuwa zamu yetu ya kupokea wageni. Mimi ni mchoraji wa ramani katika ofisi ya mji wa Kajiado, kwa hiyo niliachiwa kuandaa ile safu ya maduka ya mawe karibu na stesheni. Nikaandaa kweli. Nguzo za baraza zikapakwa rangi. Jana nikapita nyuma ya maduka, kwenye vyumba wanamolala watu, nikawaomba waanue nguo, waondoe mitungi ya maji, na leo wabaki ndani mpaka wageni waende.

Mtaa ukapendeza kama kaburi lililosakafiwa juzi.

Naserian, mgeni wetu kutoka Namanga, alisimama barazani akatazama huku na huku. "Kwani huku watu walihama?"

Nikageukia nguzo zangu zilizopakwa rangi. Sheria ni sheria.

Mlango wa duka la mwisho ukafunguka kidogo, Mama Habiba akatoa kichwa. Yeye ni mtu wa Wajir, anauza chai na mikate laini ya anjera, na amelea watoto sita kwenye vyumba viwili huko nyuma.

"Tuko," akasema. "Ni huyu mzee wa ramani alituambia tujifiche kama panya."

Wageni wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, ndivyo afanyavyo mwenye makosa.

Mama Habiba hakucheka. "Na mwezi ujao hivi vyumba vinabomolewa, ati pawe pa kuegesha magari. Mimi niende wapi?"

Mzee Njoroge, aliyetoka Ngong, akavua kofia. Akasimulia kuhusu safu moja ya maduka anayoijua, ambayo wenye nyumba waliirembesha kisha wakawatoa wapangaji wa nyuma. Sasa jua likizama hakuna hata wa kukuonyesha njia. "Bati likivuja, nani atasema? Hakuna mtu analala huko."

Naserian akanigeukia. "Nani alichora hayo maegesho?"

Nikaonyesha mdomo wangu kwa kidole, kwamba siruhusiwi kuongea.

Ni mimi niliyechora.

Nilichora kwa siku moja, nikiwa hapa Kitengela mezani, bila kwenda kuangalia nani analala wapi. Kwenye karatasi vile vyumba vilikuwa viboksi viwili tu, nikavifuta na kifutio. Mama Habiba akatumiminia chai sote. Kikombe changu akakitia vijiko vitatu vya sukari, jinsi anavyojua ninapenda. Sidhani hajui ni nani aliyechora. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Jioni hii nimechora upya. Vyumba vimebaki, magari yamekwenda kwenye uwanja ulio ng'ambo ya reli, ambako watu watalazimika kutembea hatua chache. Hawatakufa.

Shida si mchoro. Kesho asubuhi kamati ya mji inakaa kupitisha ule wa zamani, nami najijua: nitaanza kusema "kulikuwa na marekebisho madogo", nitazunguka, nitachekesha watu, na ubomoaji wa vyumba vya Mama Habiba utapitishwa hivyo hivyo katikati ya kicheko.

Kwa hiyo naandika hapa, nisije nikajikana. Nitasimama kabla ya mtu yeyote kuongea. Nitasema nilichora vibaya, na kwamba kuna mama atakosa pa kulala kwa sababu yangu.

Halafu nitakaa chini, bila kuongeza utani.