Damu ya Mutuma Bado Iko Nchiru

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi kali.

Meru imeamka na ukungu, na mpaka alasiri hii mlima haujaonekana. Duka sikulifungua leo. Naandika nikiwa sebuleni na koti mwilini.

Leo nimeiona damu ya ndugu yangu.

Mutuma ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alifariki mwaka jana wakati wa mvua, kwa ugonjwa wa sukari. Wakati ule niliandika mistari miwili tu hapa kisha nikanyamaza. Leo naona nikinyamaza tena nitaugua.

Miaka kadhaa nyuma watafiti walikuja mjini wakitafuta watu wenye vitambi ambao bado hawana sukari. Mimi na Mutuma tulienda pamoja, tukichekana njia nzima. Walituzungushia utepe kiunoni, wakatutoa damu. Viuno vyetu vilikaribiana sana. Tulikuwa tunaazimana suruali tangu ujana, kwa hivyo hilo halikutushangaza. Walituambia sukari yetu sote iko sawa. Tukatoka pale tukaenda Majengo kwa muuza nyama tuliyemzoea, tukaagiza mbuzi choma, tukala kama watu waliofaulu mtihani.

Mutuma hakurudi kupimwa tena. Angerudi kwa nini? Huku kwetu mtu akinenepa anapongezwa. Ni akikonda ndipo watu wanauliza kama kuna shida nyumbani. Baadaye alihamia Kiritiri, huko Mbeere upande wa Embu, nyumbani kwa mke wake Wanja, akawa ananunua na kuuza mbuzi. Akaanza kunywa maji sana. Tukasema ni joto la Mbeere. Kikaja kidonda mguuni, akakificha ndani ya soksi mpaka Wanja aliponusa harufu. Alipofika hospitali, figo zilikuwa zimeshaharibika.

Mwezi uliopita daktari mmoja wa utafiti ule alinipigia simu. Anaitwa Kendi, mama wa makamo, mpole. Aliniambia damu ya Mutuma ya siku ile bado wanaihifadhi kwenye friza la chuo kikuu huko Nchiru. Wamerudi kwenye damu zile za zamani, wamepima protini fulani, wanalinganisha za watu waliougua baadaye na za wale ambao hawakuugua. Walitaka kuifanyia vipimo vingine vipya, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, wakaona waulize familia kwanza. Akaniomba pia mimi niende nitolewe damu tena. Nilienda.

Lakini neno la mwisho kuhusu Mutuma ni la Wanja. Nilimpigia, nikamweleza.

"Shemeji," akasema, "mimi nilijua nimemzika mtu kamili. Kumbe kipande chake mlibaki nacho huko?"

Nikamwomba aje aongee na daktari mwenyewe.

Leo asubuhi tumekutana Nchiru. Amekuja amevaa ile sketi yake ya kanisani, amebeba kilo chache za ndengu za kuniletea. Daktari Kendi ametukaribisha kwenye chumba kidogo, akatupa chai, akaanza kueleza polepole.

Alisema mafuta ya tumboni hayakai tu pale kama mzigo. Yanatoa vitu vinavyoingia kwenye damu. Iko protini moja, inaitwa adiponektini, inayousaidia mwili kutumia sukari vizuri. Kwa watu wengi, kitambi kikizidi, hiyo inapungua. Ya Mutuma ilikuwa chini sana siku ile. Ziko nyingine zinazopanda wakati mwili una uvimbe wa ndani kwa ndani ambao mtu hausikii. Zake zilikuwa juu. Na wakati huo wote kipimo cha kawaida cha sukari kilikuwa kinaonekana kizuri.

Wanja aliweka kikombe chini.

"Kwa hivyo damu yake ilijua."

"Ilionyesha hatari, mama. Kujua ni neno kubwa. Wapo watu wenye alama kama zake ambao mpaka leo hawajaugua, na hatuelewi vizuri ni kwa nini."

"Na mlikuwa nayo hapa hapa."

"Tulikuwa nayo." Daktari hakuangalia pembeni. "Wakati ule tulikuwa hatujazipima hizo protini. Na hata tungezipima, hatungejua zinasema nini kwa watu wa huku. Tumeanza kuelewa kwa sababu yeye na wenzake waliugua."

Nilitaka kumchukia huyo daktari. Nilijaribu kabisa. Nilitafuta mahali pa kuanzia nikakosa.

Wanja aliuliza kama anaweza kuiona.

Tuliingia maabara tukiwa tumevaa makoti meupe. Friza lilipofunguliwa ulitoka moshi wa baridi. Daktari alitoa kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Hakina jina, kina namba tu. Ndani kulikuwa na kitu kilichoganda, rangi ya njano hafifu, kama mafuta ya kupikia yaliyoshikwa na baridi.

"Hii si damu," Wanja akasema. "Damu ni nyekundu."

Daktari akamweleza kwamba ile sehemu nyekundu ilitengwa siku ile ile, na protini wanazozitafuta ziko kwenye haya maji yaliyobaki. Wanja akaomba kukishika. Wakampa glavu. Akaambiwa asikae nacho sana, kisije kikayeyuka. Alikiweka kwenye kiganja, akainama, akasema maneno kwa Kimbeere. Mimi nasikia Kimbeere kidogo, lakini aliongea chini sana. Nilichosikia ni jina la Mutuma tu.

Kisha akakirudisha.

"Tumieni," akasema. "Lakini watoto wake wakifika umri, muwapime. Msingoje waje kuomba."

"Hilo nitalisimamia mimi," daktari akajibu. "Muda wote nitakaokuwa hapa."

Nilidhani tumemaliza. Nikawa tayari nafikiria duka, na wateja wa mabati wanaokuja Jumamosi. Daktari Kendi akanigeukia.

"Bwana Murithi, damu yako ya mwezi uliopita imeshapimwa. Ukitaka kuambiwa nitakuambia. Usipotaka, pia ni haki yako."

Niseme ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi ya ukurasa huu. Sikutaka. Tangu tumzike Mutuma nimeishi na raha moja ya siri, ambayo hata mke wangu hajui: kwamba tulipimwa pamoja, tukala pamoja, na mimi nikabaki. Niliona kama kuna mstari uliopigwa kati yetu, nami nikaangukia upande mzuri. Sikutaka mtu ausogeze.

Nikaanza kusema nitarudi siku nyingine. Wanja akanishika mkono wa koti.

"Shemeji, mimi sina wa kumuuliza tena. Wewe bado unaweza. Uliza."

Nikauliza.

Adiponektini yangu iko chini. Karibu sawa na ilivyokuwa ya Mutuma. Zile nyingine zimepanda. Sukari imesogea juu kidogo, ingawa haijafika kuitwa ugonjwa. Daktari alirudia hilo la mwisho mara mbili kwa sababu aliona sikulisikia. Akasema alama hizi si hukumu. Nikipunguza kiuno, nikitembea kila siku, nikibadilisha ninachokula na nikipimwa mara kwa mara, naweza kukaa muda mrefu bila ugonjwa, pengine nisiupate kamwe. Lakini hakuniahidi. Nilimheshimu kwa hilo.

Nilikuwa kama mtu aliyesikia ndugu yake akiitwa kwa jina, akaitikia yeye.

Nje, wanafunzi walikuwa wamepanga foleni kwenye kibanda cha chapati, wanacheka. Tulisimama kando yao. Hatimaye Wanja akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku alipogundua kile kidonda, alimuuliza Mutuma kwa nini alificha. Mutuma akamjibu kwamba alikuwa anangoja siku nzuri ya kumwambia, siku ambayo nyumba ina furaha, isije habari ikawa nzito sana.

"Siku zilikuwa nyingi nzuri," Wanja akasema. "Hiyo ndiyo inaniuma."

Nikamsindikiza mpaka alipopata gari la Embu. Aliponiaga hakusema pole. Aliniangalia tumboni, kisha usoni, akapanda.

Nimerudi nyumbani kitambo. Makena, mke wangu, aliniuliza Wanja ameamua nini. Nikamwambia amekubali. Akasema ni vizuri, akaingia jikoni. Namsikia akiponda viazi na mahindi vya mukimo. Anaimba wimbo wa kwaya yao, ule watakaouimba kanisani kesho.

Nimeshajiambia nitamweleza baada ya ibada. Nikaona hapana, tuna wageni baada ya ibada, afadhali Jumatatu jioni. Nikaona Jumatatu anatoka kazini amechoka. Nimekaa hapa na kuandika haya yote, na nikiyasoma naona ni hivi hivi Mutuma alivyokuwa anahesabu.

Ameacha kuimba. Ananiita nikale.

Naenda, na kabla sijagusa sahani nitamwambia.