Nani kwa Nani?

Kwa Mama Chapa,
Chumba cha nyuma, mlango wa kijani,
S.L.P. 318.
9 Machi.

Mpendwa mwanangu Wakili,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko mbali. Natumaini u mzima, mkeo ni mzima, na wale pacha wameacha kukohoa. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua ninapopanda ngazi za mahakama. Kula nakula, kulala nalala. Ukiona mwandiko umenyooka ujue afya ipo.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa kaa chini.

Jumanne tulikwenda kusikiliza kesi ya mama yako mdogo. Najua wewe ndiye wakili wake, lakini nitakueleza upya, maana nikisoma hizo hoja za maandishi ulizozituma badala ya kuja mwenyewe, sina hakika kama unaifahamu. Nyumba aliijenga yeye na marehemu mumewe. Mume alipofariki, shemeji yake akaja, mgonjwa wa mapafu, hana pa kulala. Mama yako mdogo akampokea, akamuuguza mwaka mzima. Bwana akapona, akanenepa, na siku mama yako mdogo alipotoka kununua uzi, akabadilisha kufuli. Sasa anadai nyumba ilikuwa ya kaka yake, na kwamba yeye ndiye aliyemhifadhi mjane. Cherehani ya mama yako mdogo imefungiwa ndani. Fundi mzima anashinda kitandani kwangu, akikunja nguo zangu ambazo zimeshakunjwa.

Jambo hilo lingetosha ukurasa mmoja, mwanangu. Wewe umejaza kumi na nne.

Nilipiga chapa pale mahakamani miaka thelathini na moja. Mawakili wa aina yako nawajua tangu hujazaliwa. Wanaingia na mkoba mkubwa, wanasema “kwa heshima na taadhima” kabla hata ya kukohoa, na wakiulizwa swali wanatafuta jibu kwenye tai. Vidole vyangu vimepinda kwa sababu yao. Niliwadharau wote, na sikudhani hata siku moja kwamba mmoja atatoka kwetu.

Neno “tajwa” nimelihesabu: mara sitini na mbili. Mdai tajwa, nyumba tajwa, kufuli tajwa. Lakini fundi cherehani hayumo. Mjane hayumo. Mtu aliyeugua hayumo, wala aliyemtilia maji ya kuoga. Umeandika kesi ya vivuli, kisha ukaweka muhuri.

Tena kuna ile sentensi ya ukurasa wa tatu. Ninainakili hapa ili uione bila joho: “Ilhali yeye aliyetajwa hapo juu alifika kwake akiwa mgonjwa, naye akaishi kwake kwa ridhaa yake, akimtunza katika nyumba yake, hadi alipombadilishia kufuli kinyume cha haki yake.”

Hakimu aliisoma kwa sauti. Akaisoma tena, polepole. Akavua miwani, akatutazama sisi tuliokaa mbele, akauliza: “Nani kwa nani?”

Ukumbi mzima ukacheka. Karani alicheka, na askari wa mlangoni, ambaye sijawahi kumwona akionyesha meno, akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Ndipo akasimama wakili wa shemeji, yule mfupi tunayemwita Kiberiti. Maneno yake hayakuzidi pumzi mbili. “Mheshimiwa, wenzetu wamekiri wenyewe. Mama huyu alifika kwa mteja wangu akiwa mgonjwa, akaishi kwake kwa ridhaa yake.” Akakaa.

Na alikuwa na haki ya kusoma hivyo! Kwake nani? Ridhaa ya nani? Lugha yetu hairuhusu uzembe huo. “Kwake” ni kwa mwanamume, ni kwa mwanamke, ni kwa yeyote anayepita njiani. Ukiwa na watu wawili ndani ya sentensi moja, mtaje kila mmoja kwa lake, hata kama utarudia mara kumi. Kurudia siyo ushamba. Wewe uliogopa kurudia “shemeji” ukampa nyumba. Umejifunga goli mwenyewe, tena kwa kichwa.

Mama yako mdogo alinigusa mkono akaniuliza kama tumeshindwa. Nikamwambia bado. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na aibu na hasira.

Nisijifanye, nami nina langu. Uliponitumia nakala, niliisoma kwa sauti mbele ya majirani wote wa uani. Niliona imenoga. Zile “ilhali” zilinipandisha kichwa, na jirani wa mlango wa pili akasema mtoto huyu kweli kasoma. Mimi, niliyekuwa nikicheka mawakili kimoyomoyo kwa miaka yote hiyo, sikuuliza nani kwa nani. Kwa hiyo ninapokudharau, jua kwamba kiasi fulani ninakimeza mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ni yako, usidhani nimekupunguzia. Sasa majirani haohao wakiniona naenda bombani wananiuliza: “Nani kwa nani, Mama Chapa?”

Hakimu ana subira. Ametoa hadi tarehe ishirini na nane ulete hoja zinazosomeka. Zisipofika, ataamua kwa hizo alizonazo, na hizo zinasema mama yako mdogo alikuwa mgeni nyumbani mwake.

Usikimbilie vitabu vyako. Jana nilimkalisha mama yako mdogo mezani, nikamwambia aseme, nami niandike. Alifikiri kidogo, akisawazisha kitambaa cha meza kwa kiganja. Alichosema ni hiki, sikuongeza neno:

“Nyumba niliijenga na mume wangu. Mume wangu akafa. Shemeji yangu akaja anaumwa, nikamfungulia mlango. Alipopona, akaufunga mimi nikiwa nje.”

Umeona “tajwa” hapo? Anza hivyo. Chini yake panga mashahidi wako na vifungu vyako vya sheria, maana hivyo mimi sivijui na ndivyo vilivyokupeleka shule. Lakini hayo ya juu usiyaguse. Ukitia “ilhali” hata moja nitaijua, na nitapanda basi nije huko kwenye ofisi yako yenye zulia, nikusomee mbele ya wateja.

Msalimie mkeo, na wabusu pacha kwa niaba yangu. Baba yako mpe pole ya jino. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe macho ya kuona unachoandika na moyo wa kukifuta.

Mama yako mdogo naye anakusalimu sana. Nilimwambia aongeze la kukukemea, akakataa. Anauliza tu kama lile joho alilokushonea siku ya kuapishwa bado linakutosha. Anasema likikubana kifuani umletee, atalifumua alipanue, akishapata cherehani yake.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,
Mama yako Mkubwa