Ulipokataa Kufunga Amplifaya Bila Fyuzi

Mpenzi wangu Baba Zuhura,

Leo nimepita Kabalagala, hapa Kampala, gari fulani likapiga besi hadi vioo vya duka vikatetemeka, nami nikacheka peke yangu barabarani. Nilikukumbuka wewe, karakana yetu ya kufunga redio za magari pale Kibuli, na ule ukaidi wako.

Kila mara, kabla ya kugusa waya wowote, ulifungua kwanza upande wa hasi wa betri, kisha ukanipa nati yake niifunge kwenye pindo la kanga, maana bila nati hiyo umeme haupiti. "Mama Zuhura, usimpe mtu mpaka nikuombe mwenyewe." Nilikutania kwamba umenifanya sanduku la vipuri.

Siku moja, miaka ile ya utawala wa jeshi, akaja afande na amplifaya na spika kubwa ya besi kwenye buti. Alitaka muziki siku hiyohiyo. Uliupitisha waya ndani ya mpira pale unapopenya bati la gari, ukakwangua rangi mpaka chuma kitupu ili waya wa hasi ushike. Kisha ukaona fyuzi ya kukaa karibu na betri, ile inayoungua yenyewe ili kukata umeme, imekufa, na madukani fyuzi zilikuwa adimu kama sukari.

"Zungusha karatasi ya sigara, maliza kazi," akasema. Wengi walifanya hivyo siku zile: ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ilivishwa fyuzi iliyoungua, muziki ukalia. Lakini kwa karatasi hiyo, waya ukigusa bati umeme haukatiki, gari linawaka moto.

"Hiyo sifungi, afande."

"Wewe fundi, unajua unasema na nani?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki uungue."

Niliogopa, mume wangu. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na hawarudi. Akanigeukia, maana aliniona nikiifunga kangani: "Mama, leta hiyo nati." Nikakaza fundo la kanga. Wewe ukaenda kung'oa fyuzi ya gari letu, ukamwekea, ndipo ukaniomba nati. Gari letu likalala wiki tatu.

Mwezi haukuisha, akarudi na mkewe na watoto. Nilijua amekuja kukuchukua. Akafungua kiganja, fyuzi imeungua. Jeki ya kuinulia gari ilikuwa imekata waya kwenye buti, waya ukagusa bati, na watoto walikuwa kiti cha nyuma.

"Gari halikuungua, fundi," akasema. Akakupa mkono. Ukampa wako uliojaa grisi, bila hata kuupangusa.

Shoga zangu walinihurumia, eti nimeolewa na fundi wa redio asiye na nyumba ya bati jipya. Siku ile afande aliporudi, nilitoka kwenda sokoni kifua mbele. Nimekuzika, nimezeeka, na mpaka leo kifua hicho sijakirudisha nyuma.

Mungu akupumzishe, fundi wangu mkaidi.

Mkeo,
Mama Zuhura