Mkasi wa Kocha na Nyuzi za Gaoly

St. Paul, Minnesota,
14 Oktoba 2018.

Mpendwa mwanangu Mee,

U hali gani? Mgongo umepona, au bado unabeba watoto wakubwa kama magunia? Mimi ni mzima, ila magoti yananinunia. Mimi nasema, binti yangu Pang anaandika, na nimemkataza kulainisha maneno.

Nimesikia walivyomkatia binti yako Paj nyuzi za mkononi shuleni huko, zile tulizomfunga tulipoita roho yake baada ya homa, na kwamba tangu hapo haongei darasani. Nililia, kisha nikatukana. Sasa unaniuliza: kama shule ndogo ilimtenda hivyo, mkihamia huku kwangu, hizi za mji mkubwa si zitammeza?

Sikiliza. Shule za huku ni nyingi, zote chini ya ofisi moja, na mimi sijaona hata nusu yake. Wamo Wahmong wenzetu, Wasomali, Wakaren wa Burma, Wameksiko, weusi na weupe. Barua zinakuja kwa lugha yetu, na ukipiga simu wanakutafutia mkalimani. Ipo hata shule inayofundisha kusoma Kihmong, mimi ambaye sikufundishwa kusoma chochote. Kuku wao wa chakula cha mchana hana ladha, hapo siwatetei.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Gaoly, wa Pang, alikuwa na mechi ya voliboli. Mwamuzi akasema hachezi na nyuzi mkononi. Mara namwona kocha, Bi. Lindqvist, anamjia na mkasi. Mee, nilishuka ngazi za jukwaa la watazamaji na magoti haya haya, nikamkamata mkono mbele ya ukumbi mzima.

Wala hakujinasua. Alisema taratibu, Gaoly akanitafsiria: "Bibi, mkasi ni wa kukatia bendeji. Nyuzi tunazifunika, hatuzikati."

Hodan, mchezaji wa Kisomali mwenye hijabu, akadakia: "Bibi, mwachie kocha wetu, bado tunamhitaji."

Nikamwachia. Mwamuzi akaridhika, Gaoly akacheza, wakafungwa vibaya sana. Kesho yake nilimpelekea kocha kuku wa kuchemsha na majani, ajue ladha.

Nisalimie kaka yangu Chue na mumeo Tou. Mababu wawalinde njiani, maana mnakuja. Mlete Paj. Uzi mweupe nimeshautenga, nitamfunga mwenyewe. Na akitokea wa kuukata, ngazi nazijua.

Shangazi yako, akupendaye hata akifoka,
Youa Lor