Hatua Arobaini Kutoka Mlango wa Nyuma

3 Machi, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa mumeo, shemeji Twiga, na watoto. Mimi mzima, goti tu halitaki ngazi.

Unasema mama hawezi kusema tena, ila kabla ulimi haujafungwa aliomba jambo moja: alazwe ubavuni mwa baba. Na jiwe la kaburi lilichukuliwa na mafuriko, nawe siku ya maziko ulikuwa mgongoni mwa mama.

Usihangaike. Nilikuwa na miaka minane, nikahesabu: hatua arobaini kutoka mlango wa nyuma, ukinyooka kuelekea kisimani. Nimepima mashamba ya watu maisha yangu yote. Kipimo hicho ndicho pekee ambacho sikuhitaji kukiandika. Mwakani nitakuja nikuonyeshe.

Kaka yako


19 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Huku miili mizima.

Mama tulimzika mwezi wa tano. Twiga alitembea zile arobaini mpaka akakaribia ua wa jirani. Nikamwambia hapa mbali. Akanicheka: "Kaka yako ni mpima ardhi. Wewe umepima nini zaidi ya unga?" Tukamlaza mama pale.

Juzi tulichimba choo, hatua ishirini na tatu za Twiga kutoka mlangoni. Sululu ikagonga mifupa. Ni baba, kaka. Tumempata baba kwenye shimo la choo.

Shimo tumelifunika kwa mabati. Ukoo unakusubiri wewe, mkubwa wetu, uje utembee mwenyewe na useme nani ahamishwe. Kila barua unaandika mwakani. Hiyo mwakani yako iko hatua ngapi?

Mdogo wako


2 Agosti, mwaka wa arobaini na mbili

Mdogo wangu,

Nawasalimu nyote, na Twiga mwambie hana kosa. Miezi minane nimekaa na barua yako mezani.

Zile hatua zilikuwa za mtoto wa miaka minane. Mimi, fundi wa vipimo, nimewatumia kipimo bila kuuliza mguu ulikuwa wa nani. Kichwani mwangu baba hajasogea; yuko mbali vilevile kama siku ile, nikirudi nyumbani nyuma ya watu wazima, viatu mkononi. Akili haina kamba ya kupimia. Hupima kwa mguu uliokuwa nao siku hiyo.

Baba amekwisha kuguswa. Mpelekeni yeye kwa mama. Mama msimsumbue. Na pimeni kwa kamba.

Umeniuliza mwakani iko hatua ngapi. Kutoka kitandani hadi dirishani mwangu mwaka jana zilikuwa sita. Leo asubuhi nimehesabu kumi na moja, na chumba ni kilekile. Nimekuwa nikikuahidi kwa miguu ya kijana aliyeondoka huko, naye hayupo.

Mabati yaondoeni, msinisubiri. Sitarudi.

Kaka yako